Pete Isinyamaze

Majimbo, Embu
Jumanne, 16 Aprili 2024

Kwako Mwenda, mwana wa Wambeti,

Pokea salamu zangu kabla hujazikimbia. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto unalalamika kila asubuhi, na mvua imenyesha wiki nzima mpaka mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kuwa ya manjano. Mbuzi wa Mama Vincent alikata kamba Jumamosi akala kola ya sare yangu ya kwaya iliyokuwa imeanikwa. Nilienda kanisani na kitambaa shingoni kama mgonjwa wa koo. Msalimie mkeo Kendi, na umwambie mama yako ule mzizi wa magoti alionitumia ni mchungu kuliko maumivu yenyewe.

Unashangaa barua? Nimechoka na simu. Nikikupigia unaniambia mtandao ni mbaya, na mtandao wa Mitunguu huharibika nikitaja jambo moja tu. Karatasi haina mtandao. Nampa Ishmael, dereva wa lori lenu la ndizi, anaporudi tupu kutoka soko la hapa. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kimeru chenu nakisikia lakini kukiandika nitakuaibisha, nawe Kiembu nilichokufundisha najua umeshakitupa.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi tuliolea wagonjwa wa kusahau, akina mama tisa pamoja na Rwamba aliyemlea baba yake, tunataka kujenga nyumba karibu na kanisa. Wazee wa namna ile wakae pale mchana, waangaliwe, ili anayewalea aweze hata kwenda shambani kuvuna maharagwe bila kumfungia mtu ndani kwa kufuli. Nilimfungia mume wangu Njura kwa kufuli, Mwenda. Mara kumi au zaidi. Mtu asifanye hivyo tena kwa kukosa mahali.

Tutafanya tamasha Jumamosi tarehe 24 Agosti, kwenye kiwanja cha shule nyuma ya kanisa, nje kabisa, watu waje na viti vyao. Siku hiyo ni ya mjomba wako Njura. Atakuwa ametimiza mwaka tangu tumzike. Nyimbo zake zitapigwa, na nyimbo zake zina kodiani na ile pete ya chuma inayogongwa. Pete ni wewe. Kwa miaka kumi na moja hakuna mtu mwingine aliyempigia.

Mwenye kodiani atapatikana, hilo niachie. Wewe sema tu utakuja.

Anti yako,
Wambura


Mitunguu
Jumanne, 14 Mei 2024

Anti Wambura,

Salamu kutoka kwenye joto. Usinilaumu kwa kuchelewa, Ishmael alisahau barua yako chini ya kiti wiki tatu, ikaja na mafuta ya injini kwenye kona. Mama anakusalimu na kusema mzizi mchungu ndio unaoponya. Kendi ni mzima, anauza ndizi kando ya barabara na ameanza kunitukana kwa upole, kwa hiyo najua ana raha. Migomba imezaa vizuri upande wa chini lakini upande wa juu maji hayafiki, jirani anafungua mfereji zamu yangu ikiwa bado, na tukikutana kanisani ananishika mkono kwa mikono miwili.

Nimefurahi sana kuhusu hiyo nyumba. Nitatuma mikungu kumi ya ndizi mpikie wageni.

Lakini Agosti ni mbaya kwangu. Zamu yangu ya maji ni Jumamosi, nikiikosa migomba inakaa wiki mbili bila kunywa. Halafu pete bila kodiani ni chuma chakavu, Anti, na kodiani ilikuwa ni Mjomba. Hata ile pete yenyewe sijui iko wapi tangu tuhame nyumba. Tafuteni kikundi cha vijana pale Embu, wako wengi wanaojua.

Nimekutumia kilo mbili za maembe ya mwisho.

Mwenda


Majimbo
Jumanne, 21 Mei 2024

Mwenda,

Salamu nimezipata na maembe nimeyala. Mawili yalikuwa yameoza ndani, na barua yako vilevile.

Pete hujui iko wapi? Nilimpigia Kendi. Aliniambia iko chini ya kitanda chenu, imefungwa kwa ile fulana ya njano ya shule ya hapa Embu, na kwamba ukiona amefagia karibu nayo unakasirika. Zamu ya maji nayo, Kendi ana mikono miwili na jembe. Alisema atafungua mfereji yeye. Una kisingizio kingine au nisubiri Ishmael akilete wiki ijayo?

Habari za hapa: mvua imepungua. Umesikia mbuzi wa Mama Vincent alichofanya? Alikata kamba akala kola ya sare yangu ya kwaya, nikaenda kanisani na kitambaa shingoni. Watu walinipa pole ya koo.

Na kwa sababu umesema kodiani ilikuwa ni Mjomba, nikuambie sasa usije ukaanguka siku yenyewe. Kodiani nitapiga mimi. Ndiyo, mimi. Nina miaka sitini na saba na naivaa kifuani kila siku baada ya chai. Rwamba ananifundisha, anatafuna majani yake ya muguka na kunipigia kelele, nami nampigia kelele. Wanawake wa kwaya wanasema haijawahi kuonekana. Mimi niliisikia nyumbani kwangu miaka thelathini na nane, vidole ndivyo vilivyokuwa havijaambiwa.

Mimi na Njura hatukujaliwa mtoto. Ulikuja hapa na sanduku la bati ukiwa na miaka kumi na minne, ukaondoka na ndevu. Usiniambie nitafute vijana.

Wambura


Mitunguu
Jumanne, 11 Juni 2024

Anti,

Hapa sote wazima. Mama amecheka kuhusu kodiani mpaka akasahau goti. Habari ya mbuzi wa Mama Vincent ulikuwa umeshaniambia katika barua ya kwanza, lakini mara ya pili ilinichekesha zaidi.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Kendi aliniambia kama siwezi kuandika ukweli, niandike uongo mzuri zaidi. Basi naandika ukweli.

Unakumbuka harusi ya Kianjokoma, Desemba 2021? Mjomba alikuwa ameshaanza kuuliza mambo mara mbilimbili, lakini kodiani ilikuwa bado iko mikononi mwake. Wewe hukuja, ulikuwa na mazishi. Unajua nyimbo zake zilivyo. Kuna sehemu ya kuingia, halafu kodiani inageuka, wachezaji wanainama, halafu sehemu ya kutoka. Siku ile tulianza vizuri. Aliingia. Wazee na wake zao wakashikana, wakasonga hatua mbili mbele, wakangoja kuinama. Hakugeuka. Akarudia kuingia. Nikadhani anawachezea. Akarudia tena, mara ya tano, mara ya sita, na wale watu wamesimama magoti yakiwa tayari, wanatazamana. Vijana wakaanza kucheka, mmoja akatoa simu anapiga video. Mjomba alikuwa anatabasamu. Hakujua.

Yeye mwenyewe alinifundisha kazi ya pete. Aliniambia pete haiongozi wala haimkimbizi mtu. Kodiani ikipotea, pete ikae palepale, kwa sababu aliyepotea hurudi kwenye sauti. Alinifundisha hapo kwako, kwenye ngazi ya jikoni.

Mimi niliweka pete mfukoni nikashuka. Nilipitia nyuma ya hema la wapishi nikaenda mpaka barabarani. Nilikuwa naisikia kodiani bado, sehemu ile ile, peke yake. Wanasema heri lawama kuliko fedheha. Mimi nilikimbia fedheha, na lawama nimekula mwenyewe tangu siku hiyo. Sikuja tena Majimbo mpaka alipokufa. Kwenye mazishi nilisimama langoni na watu wa kuegesha magari, ukadhani nimechelewa.

Sasa unajua mtandao wangu ulikuwa unaharibika kwa nini. Siwezi kupanda kwenye jukwaa lenye jina lake.

Mwenda


Majimbo
Jumanne, 9 Julai 2024

Mwenda,

Baridi imeingia, asubuhi huoni mti wa jirani. Mimi ni mzima.

Nimechelewa kwa kusudi. Jumanne tatu Ishmael alisimama langoni nikamwambia sina kitu. Nilikuwa naandika na kuchana.

Kianjokoma nilijua. Nilijua usiku huohuo. Mwenye harusi ndiye aliyemrudisha Njura na gari lake, na kodiani ikawa kwenye buti kama mzigo wa viazi. Aliniambia yote. Kisha nikamuuliza Njura, Mwenda yuko wapi? Akaniambia, "Ameenda kuchota maji. Mwekee chakula."

Nikaweka, ili alale. Kesho yake jioni akauliza mbona sahani ya Mwenda haipo. Nikaweka. Mwenda, niliweka sahani yako mezani kila jioni kwa mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa amesahau jina langu, ananiita mama, lakini sahani ilikuwa lazima iwepo, ya bluu, na ifunikwe. Baadaye nilikuwa naimwaga kwa kuku na kuiosha. Nilikuchukia nikiiosha. Nakuandikia bila kuficha, nilikuchukia kabisa. Ningekupigia simu nikwambie uje ule chakula chako, lakini niliogopa ungesema hapana na mimi ningebaki na hilo pia.

Hiyo ndiyo sababu hukusikia kwangu kipindi kile, na hukuuliza.

Sasa unataka nikusamehe kwa barua. Sisamehi kwa barua. Njoo upige.

Kuhusu mbuzi, kila mtu husimulia jambo mara mbili. Wewe mwenyewe ulinisimulia mfereji wa jirani yako kwenye simu tangu 2019.

Wambura


Mitunguu
Jumanne, 23 Julai 2024

Anti,

Nitakuja.

Barua yako niliisomea shambani, sikuweza kuisoma mbele ya Mama. Nimeitoa pete kwenye fulana. Ilikuwa na kutu, nimeisugua kwa mchanga na limau, sasa inalia kama zamani. Napiga jioni nikiwa kwenye migomba na jirani amekuja kuuliza kama tumenunua ng'ombe mwenye kengele.

Niambie ni nyimbo ngapi, na sehemu ya kuingia unarudia mara ngapi kabla ya kugeuka. Mjomba alikuwa anarudia mara tatu.

Jambo lingine. Ishmael anasema Jumanne ile ulimpa barua, akaendesha, na kwenye kona akakuona kwenye kioo unakimbia na mkono juu. Aliposimama ulimuuliza kama umempa barua. Na ulimuuliza jina lake. Ishmael amekula kwako miaka sita.

Anti, uko sawa?

Mwenda


Majimbo
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mwenda,

Salamu kwa wote. Mikungu kumi haitoshi, leta kumi na tano. Jukwaa litakuwa la mbao, mafundi wamelijenga limeinama upande wa choo, Rwamba amewarudisha walinyooshe. Bango limechapishwa na picha ya Njura ile ya kofia. Mvua ikija tutapiga kwenye mvua, hema ni la wazee tu.

Nyimbo ni mbili. Kuingia mara tatu, kama yeye. Kodiani ni nzito, imenichubua bega, nimeweka taulo. Wimbo wa kwanza naujua hata nikiwa nimelala. Wa pili vidole vinabishana lakini vitakubaliana. Vaa suruali nyeusi na shati jeupe lenye kola, maana mimi ya kwangu unajua ilikokwenda.

Ishmael aendeshe lori.

Wambura


Mitunguu
Jumanne, 27 Agosti 2024

Anti,

Nilifika salama. Kendi alifungua mfereji Jumamosi, akamkuta jirani ameshaanza, wakaitana majina ambayo Mama amekataa kurudia.

Niliondoka Jumapili mapema kwa sababu watu walikuwa wengi nyumbani kwako na kila nikitaka kukuuliza unanituma kuleta viti. Basi nakuuliza hapa, kwenye karatasi, mahali ambapo hutanituma viti.

Kwanza nikuambie kitu ambacho hukukiona. Ijumaa nilimpa Kendi suruali nyeusi nikamwambia anishonee mifuko yote, ya mbele na ya nyuma, ifungwe kabisa. Hakuniuliza kwa nini. Nilipanda jukwaani bila mahali pa kuweka hata kitambaa.

Wimbo wa kwanza uliupiga vizuri kuliko nilivyotarajia, nilikuwa na wivu kidogo. Wa pili ukaingia mara tatu, wazee wakasonga, magoti tayari. Ukarudi mwanzo. Ya nne. Ya tano. Nikakuangalia. Ulikuwa unaangalia vidole vyako kama ni vya mtu mwingine. Nilisikia mtu akicheka upande wa wauza soda. Rwamba akawa chini ya jukwaa ananikatia shingo kwa mkono, nisimamishe, tuseme ni mitambo. Anti, mkono wangu ulishuka. Ulishuka wenyewe mpaka kwenye paja, ukakuta uzi wa Kendi. Nikaurudisha juu.

Nilikaa palepale. Sikukimbia wala sikupunguza. Ya saba, ya nane. Yule bibi mzee aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu akaanza kupiga makofi akifuata pete, halafu wengine wa hema la wazee. Wale hawakuwa wanangoja kuinama, kwao kule kurudia ndiko kufika. Nadhani ilikuwa ya kumi na moja ulipoinua kichwa ukageuka, na kiwanja chote kikainama pamoja, hata waliokuwa wanacheka. Nililia na sikuwa na kitambaa, nimekuambia mifuko ilikuwa imeshonwa.

Watu wanasema ulifanya kwa makusudi, kumkumbuka Mjomba. Kila mtu anasema ilikuwa akili sana. Ulitabasamu ukawaacha waseme.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Niambie.

Mwenda


Majimbo
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mwenda wangu,

Salamu kwako, kwa Kendi na uzi wake, na kwa mama yako. Msingi wa nyumba umechimbwa na kumwagwa saruji. Mawe ya kuta yanakuja Alhamisi. Rwamba anatembea pale kama kasisi.

Sikufanya kwa makusudi.

Nilienda kwa daktari mwezi wa tatu, kabla ya barua ya kwanza. Nilienda peke yangu, nikamwambia Mama Vincent naenda kununua mbolea. Alinipa saa nichore, na picha nitaje, na maneno matano niyakumbuke. Nilikumbuka mawili. Aliniambia ni mwanzo, kuna dawa za kuchelewesha, nisiache kutumia kichwa, nijifunze kitu kipya na niandike. Basi nikachukua kodiani, na nikakuandikia wewe. Simu nilikuwa nikiikata sikumbuki tulichosema. Barua yako naisoma tena asubuhi na bado ipo.

Uliponiambia mbuzi nimemrudia, nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Tangu hapo kila barua ninayotuma naiandika mara mbili, moja inabaki kwenye daftari. Ishmael nilimuuliza jina, ni kweli. Nilimjua uso, nikajua ni mtu wetu, jina likakataa kuja. Nilikasirika nawe kwa kuuliza kwa sababu uliuliza vizuri.

Kwa nini sikusema? Nilikutaka uje kwa ajili ya Njura. Ningesema ungekuja kwa ajili yangu, kwa huruma, na mimi huruma nimeila sana kwenye mazishi. Na niliogopa. Nilikuwa nimeona njia yote mpaka mwisho wake, mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kufuli.

Unauliza ilikuwaje pale juu. Nitakuambia kabla halijaniponyoka. Vidole viliishiwa. Sikujua wimbo, halafu sikujua kiwanja ni cha nani, wala wale watu wananingoja nini. Nilitaka kuvua kodiani nishuke. Lakini kulikuwa na kitu kinagonga upande wangu wa kulia, hakiendi mahali. Nikasema, huyu anajua tulipo. Nikashika hapo mpaka wimbo ukarudi. Sasa najua Njura alikuwa anatafuta nini Kianjokoma alipobaki peke yake, na sikuambii ili uumie. Nakuambia kwa sababu umenipa mimi alichokikosa yeye, na nimekubali kukihesabu ni chake pia. Huo ndio msamaha wangu. Nilikuambia sitautoa kwa barua, nimesahau nilichosema, nisamehe na wewe.

Nyumba itakuwa tayari mwezi wa kwanza. Nimewaambia akina mama waniandike jina, si kwenye orodha ya wanaolea. Walilia, nikawaambia wakalilie nje, saruji ni mbichi.

Itafika siku nitaanza kurudia kuingia na sitageuka. Siku hiyo usiniambie nimekosea, na usiwaruhusu wakate. Kaa palepale upige.

Mbuzi wa Mama Vincent alikula kola ya sare yangu ya kwaya. Najua nimekuambia, nimeangalia daftari, ni mara ya tatu. Nakuambia kwa sababu bado ni nzuri.

Njoo Jumapili na Kendi. Sahani ya bluu nimeitoa kabatini. Safari hii hakuna aliyeniambia niiweke, na najua ni ya nani.

Anti yako,
Wambura